Bakuli Lililokaa kwa Mama Kulwa

Nakumbuka bakuli moja, mwanangu, la bati jeupe lenye ukingo wa buluu, na siku ambayo nusura niende kulidai. Nilikuwa kijana, nikiishi kwa bibi yangu hapa Shinyanga mjini.

Bibi alizaliwa Tabora. Taratibu za nyumba alizirithi kwa bibi yake, aliyekulia huko enzi za misafara ya pembe za ndovu, katika tembe kubwa lililozunguka ua. Katika ua ule, alinisimulia, kila jioni vyombo vilipita mlango hadi mlango. Mke wa tajiri alipeleka wali, mke wa mpagazi alirudisha karanga, na hakuna aliyelinganisha. Sharti lilikuwa moja: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata chumvi kidogo ilitosha. Mla cha mwenziwe, na chake huliwa.

Nasi tuliishi hivyo. Bibi akipika maharage, bakuli lilikwenda kwa jirani yetu, Mama Kulwa, likarudi na viazi au maziwa ya mgando. Kisha mumewe akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu, akawa kimya. Bakuli likaenda, halikurudi. Mama Kulwa akaanza kupita njia ya nyuma akienda bombani. Watoto wake pacha, Kulwa na Doto, waliozoea kushinda uani kwetu, wakawa wanaitwa kwao kila moshi wa jiko letu ulipopanda. Ukiwatazama, ungeona wamekonda.

"Bibi, niende nikalidai bakuli letu?" niliuliza.

Bibi hakuacha kupepeta mchele. "Unataka bakuli, au unataka jirani?"

"Lakini si letu?"

"Ni letu. Ukilidai utarudi nalo, na watoto wale hawatakanyaga hapa tena. Anakaa nalo kwa sababu hana cha kutia. Huoni?"

Sikuwa nimeona. Akaweka ungo chini, akajifunga khanga, akaniambia nimfuate.

Mama Kulwa alisimama mlangoni, asijue pa kuweka mikono. "Shikamoo bibi. Lile bakuli lako, nilikuwa..."

"Marahaba, mwanangu. Bakuli liache. Nimekuja kuomba. Tangu jana nanusa nsansa hapa. Nyie Wasukuma mnaficha mboga kama wenzenu wanavyoficha dhahabu!"

Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa juani. Mama Kulwa alikuwa nayo kapu zima, ila aliihesabu mboga ya shida, isiyofaa kupelekewa mtu.

Mama Kulwa akacheka. Sikumbuki ni lini nilikuwa nimemsikia akicheka. "Na nyie Wanyamwezi, bibi, pua zenu zinafika hadi ndani ya chungu cha jirani!"

Akalijaza bakuli mpaka ukingoni. Na bibi yangu, kwa umri ule na magoti yale yaliyomsumbua, alikunja goti kulipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitu kikubwa. Hadi leo sijaona heshima iliyonigusa kama ile.

Jioni tuliiunga nsansa kwa karanga. Kabla hatujanawa mikono, bakuli lilikuwa limekwishakwenda tena na maharage, na waliolirudisha ni Kulwa na Doto wenyewe, mbio, wakigombania kulishika. Ndani mlikuwa na nyanya moja.

Mwanangu, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini siku hizi tunatoa na kupiga picha, na anayepokea anabaki ameinamisha kichwa. Ukimsaidia mtu, tafuta na wewe cha kumwomba, kitu alichonacho kweli, ukipokee kwa mikono miwili. Hapo atainua uso, na kesho atapita mbele ya mlango wako.

Mungu akujalie chungu kisichokauka, na jirani asiyeona aibu kukurudishia nyanya moja.