Koili ya Silinda ya Pili

Kaka yangu ana kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa mapenzi. Ni fundi wa magari tangu mimi sijaota meno ya pili. Wateja humwita Daktari, kwa sababu huweka ncha ya bisibisi juu ya injini, akatia mpini sikioni, akafumba macho, kisha akakwambia gari lako linaumwa nini. Mara tisa katika kumi anapatia. Hiyo ya kumi ndiyo ninayotaka kuisimulia, maana nusura imwondoe mama yetu.

Gereji yetu ni uwanja wa saruji iliyopasukapasuka, upande mmoja paa la mabati, upande wa pili duka langu la vipuri. Nakaa nyuma ya kaunta, dirisha langu linatazama uwanja mzima, na hakuna bolti inayofunguliwa pale nisiione. Mume wangu naye ni fundi humo humo. Kazi alifundishwa na kaka, miaka sita, kabla hajanitupia jicho mimi. Ukimwona ameinamia injini kwa nyuma, na ile tabia ya kujikuna shingo na spana, utadhani ni kaka kapungua mwili.

Kaka aliwafundisha wote waliopita mikononi mwake mambo mawili. La kwanza, badilisha kitu kimoja tu, jaribu, ndipo uguse kingine. La pili, ukigusa kitu, tangaza. Kwa hiyo gereji yetu ilikuwa na kelele zake. "Nimegusa plagi!" anasema mmoja, na mwingine aliye chini ya gari anaitika, "Nimesikia!" Wateja wageni walicheka. Sisi tulizoea hata nyumbani. Mama akitia chumvi kwenye mboga alitangaza kwa sauti, ili mimi nisije nikatia tena.

Miezi saba iliyopita kelele zile zikafa. Ilikuwa wiki tuliyoambiwa kwamba figo za mama zimechoka kabisa na kuanzia hapo damu yake itasafishwa kwa mashine. Tulikuwa sebuleni kwa kaka, kila mtu roho juu, na mume wangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Shemeji, unasikia ugonjwa wa gari la mtu usiyemjua, halafu mama yako unaishi naye nyumba moja hukusikia kitu?"

Kaka hakumjibu. Hakumjibu siku ile, wala kesho yake, wala mwezi uliofuata. Alipofungua mdomo ilikuwa kwangu: "Mwambie mumeo asiliguse gari langu." Wakanifanya posta. Mwambie mumeo, mwambie kakako, watu wazima wawili wamesimama hatua tano mmoja kutoka kwa mwenzake. Siku moja nikapandwa na hasira, nikawaambia kuanzia leo sibebi neno la mtu yeyote. Nikajiona nimefanya la maana kweli.

Sasa hilo gari. Ni la zamani kuliko ndoa yangu, rangi yake ya bluu imebaki milangoni tu. Kaka aling'oa kiti cha nyuma akaunda kitanda kidogo cha mbao chenye godoro na mikanda miwili, kwa sababu mama hawezi kukaa wima safari nzima. Hospitali yenye mashine iko ng'ambo ya mlima, na mama hupelekwa Jumatatu na Alhamisi. Kupanda basi hawezi. Teksi wanamkimbia tangu alipozimia ndani ya mojawapo. Kwa kifupi, uhai wa mama ulikuwa unapita ndani ya injini ile mara mbili kwa wiki.

Jumatatu hiyo injini ikaanza kukosa moto mlimani. Gari linatetemeka, linapoteza nguvu, malori yanapiga honi nyuma. Walifika wamechelewa sana, mama akasafishwa nusu tu ya muda wake, akaondolewa kumpisha mwingine. Muuguzi akamwambia kaka waziwazi kwamba maji yameanza kupanda kifuani. Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi awe kitandani, na asikose.

Jumanne kaka akabadilisha plagi zote nne. Akalipeleka mlimani, likatetemeka vilevile. Hiyo ndiyo shida yake, gari likiwa baridi linanguruma kama jipya. Mpaka lipate joto na lipande mlima ndipo linaanza vitimbi. Alirudi nalo likiwa bado linatetemeka, akachomoa moja moja waya za koili, vile vidude vinavyoipa kila plagi umeme wake, injini ikiwa inazunguka. Akichomoa ya kwanza, injini inayumba. Ya tatu na ya nne, inayumba. Akichomoa ya pili, hakuna tofauti yoyote. Akaja kaunta kwangu akasema, "Silinda ya pili haifanyi kazi." Alisema kwa sauti, na mume wangu alikuwa chini ya lori karibu na mlango.

Jumatano saa nne asubuhi nikamwona kaka ametoa koili ya silinda ya pili na ya tatu, akazibadilishanisha mahali. Ni kipimo cha kawaida: ugonjwa ukihamia silinda ya tatu, basi koili ndiyo mbovu. Ukibaki ya pili, koili haina kosa. Akafunga boneti, akaenda nyumbani kumlisha mama.

Saa saba, gari limetulia pale peke yake, nikamwona mume wangu anatambaa kutoka chini ya lori. Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akafungua boneti ya gari alilokatazwa, akatoa koili mbili, akazirudisha, akafunga taratibu kwa viganja. Alipogeuka tukatazamana. Akaweka kidole mdomoni. Na mimi nikageuza uso kwenye rafu nikajitia kupanga boksi za balbu. Nisibebe neno la mtu, si ndivyo nilivyosema?

Kaka alilirudisha kutoka mlimani saa tisa, linatetemeka. Akachomoa waya moja moja. Silinda ya pili. Akasimama akiegemea gari kwa muda, akijikuna shingo na spana.

"Siyo koili," akaniambia. "Ni valvu. Ikipata moto inakwama. Nafungua silinda hedi."

"Leo?"

"Leo hii. Alfajiri nitakuwa nimefunga."

"Gasketi yake sina, kaka."

"Nitarudishia hiyohiyo."

Mimi siyo fundi, lakini nimeuza gasketi miaka kumi na moja. Ile ikishatolewa hairudi, na gari likishafunguliwa kichwa hakuna Alhamisi. Nikamwona anapanga soketi zake kwenye kitambaa, kubwa mpaka ndogo. Hakulala tangu Jumatatu. Alikuwa anasikiliza mama anavyopumua.

Hapo ndipo akili yangu ikafunguka. Wawili wamefanya kipimo kilekile, kwa sababu mmoja alimfundisha mwenzake, na wanafikiri kwa kichwa kimoja. Kaka alizihamisha koili, mume wangu akazihamisha tena, kwa hiyo zilirudi pale pale zilipokuwa. Kaka alikwenda mlimani kupima kitu ambacho hakikuwepo. Nikajua pia kwamba nikisema, ama naivunja gereji ama naivunja nyumba yangu. Naona aibu kusema kwamba niliwaza ndoa yangu kwanza, na mama baadaye. Kaka akaweka soketi kwenye bolti ya kwanza, akaegemeza uzito wake.

"Acha!" Nilitoka nje ya kaunta mbio, kiatu kimoja kikabaki ndani. "Kaka, acha! Zile koili zilihamishwa mara mbili."

Alinitazama kama mtu anayeamshwa. "Nani?"

Sikuwa na haja ya kujibu. Mume wangu alikuwa ameshatoka chini ya lori, amesimama na tambara mkononi. Kaka akairusha soketi ile chini, ikadunda mpaka mlangoni mwangu.

"Nilikukataza!" Maneno ya kwanza baada ya miezi saba, na ndiyo hayo. "Nilikukataza usiliguse! Unataka kuniulia mama?"

"Na wewe ulitaka nikae nitazame?" Mume wangu naye alikuwa amepandisha. "Anayelipanda ni mama mkwe wangu! Nilijua utalipeleka mlimani. Nilisema moyoni, ugonjwa ukihamia ya tatu utajionea mwenyewe kwamba ni koili, bila ya mimi kusema kitu. Nitajuaje kama ulishazihamisha? Ulimwambia nani?"

 Kaka hakuwa amemwambia mtu. Mimi nimesimama katikati na kiatu kimoja, nalia kwa hasira. Nikawaambia wote wawili hawana akili, na mimi ndiye wa tatu. Nikawaambia mama ana saa kumi na saba.

Mume wangu akasogea kwenye gari. Akafungua boneti, akatoa koili mbili, akazibadilishanisha, na mikono yake haikuwa na haraka. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, sauti ndogo, "Nimegusa koili ya pili na ya tatu."

Kaka alikuwa anaangalia saruji. Hakuitika. Lakini aliingia akawasha gari, na alipoona mume wangu anazunguka kukaa kiti cha mbele, hakumfukuza.

Nilipanda nyuma, juu ya kitanda cha mama. Tulipanda mlima watu watatu, macho yote kwenye mshale wa joto. Kona ya kwanza, safi. Kona ya pili, safi, na mimi nikaanza kuomba gari liharibike, kitu ambacho sikuwahi kukiomba maishani. Kona ya tatu likatetemeka. Kaka akaliweka pembeni, wakashuka wote wawili, boneti juu. Akachomoa waya wa kwanza, injini ikayumba. Wa pili, ikayumba. Wa tatu, haikujali.

"Ni koili," akasema kaka.

"Ni koili," akasema mume wangu.

Walipoitoa wakaona ufa mwembamba kama unywele, kwenye plastiki, upande wa chini. Koili mpya ya aina ile ilikuwa kwenye rafu yangu siku zote tatu, nyuma ya kichwa changu, juu ya zile boksi za balbu.

Alhamisi tuliondoka kukiwa kumepambazuka. Mama alilala kwenye kitanda chake, mimi nimejikunja kando nikimshikia kichwa. Pumzi yake ilikuwa fupi, na kila pumzi ilikuwa na sauti ya maji. Kaka aliendesha, mume wangu pembeni yake. Tulipita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na injini ikavuta kama haijui kilichotokea.

"Limepona?" mama akauliza.

"Limepona, mama," akasema mume wangu. "Ilikuwa koili. Tungeijua tangu jana mchana, ila kuna mtu aligusa bila kutangaza."

"Watu wawili," akasema kaka.

Sauti yake ilikuwa kavu bado, lakini alisema. Nilidhani mama amesinzia. Kisha akanishika mkono akajiinua kidogo.

"Watatu," akasema. "Mimi nami sikutangaza."

"Lala, mama," nikamwambia.

"Niache niseme. Miguu yangu ilianza kuvimba mwaka jana, kabla ya mvua. Nikawa navaa soksi ndefu hata jua likiwaka, na viatu vya marehemu baba yenu, vikubwa, nikasema vyangu vinabana. Miezi minne." Akapumzika kutafuta pumzi. "Mwanangu ulikuwa unarudi umechoka, mafuta mpaka kwenye nyusi. Nikasema nisimwongezee. Ulipokuwa unaniuliza, nilikwambia ni uchovu tu. Niliyasikia maneno ya siku ile sebuleni, nilikuwa chumbani. Nikanyamaza tena."

Mume wangu aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Kaka hakupunguza mwendo, hakuweza, saa ilikuwa inakwenda. Kwenye kioo niliona machozi yanamshuka na hayafuti, mikono yote miwili kwenye usukani. Tulikuwa tumeshapita kilele, barabara inateremka, na paa la hospitali linaonekana chini, ndipo nikamsikia akivuta pumzi.

"Nimesikia, mama," akasema. "Nimesikia."