Inshallah ya Boga

Boga Mwatela, mkwezi wa minazi wa Shika Adabu kule Likoni, hakuwahi kumwambia mtu la. Ukimwomba kitu anachokiweza, alikupa. Kama hakukiweza, au hakukitaka, aliinamisha kichwa kidogo, akaivuta sauti, akasema, "Inshaallaaah." Watu wa kwao walimwelewa. Inshallah fupi ya Boga ilikuwa ahadi, na ile ndefu ilikuwa kwaheri. Tatizo ni kwamba kadiri miaka ilivyokwenda, ile fupi ilizidi kuadimika, mpaka mtaani wakampachika jina la Bwana Inshallah, naye akaliitikia kwa adabu zake zote.

Aliyeumia zaidi ni mkewe, Mwanarehema. Hebu fikiri: mume anashinda juu ya minazi, makuti yamejaa kila upande, na paa la nyumba yake mwenyewe linavuja usawa wa kitanda! Lilipoanza kuvuja, Mwanarehema alisema, Boga akajibu inshallah, na beseni la bati likawekwa chini ya tundu. Likakaa masika, likakaa kiangazi, mpaka wenyewe wakazoea kulala wakilikwepa.

"Baba Mastura," mkewe alimwambia siku moja, "inshallah ni neno la Mwenyezi Mungu. Weye umelifanya mlango wa uani, wa kutorokea."

Boga alicheka, lakini maneno yale yalimchoma.

Ndipo akatokea Justus. Huyu alikuwa karani wa bandarini, mtu wa bara, mwema na mwenye haraka, aliyepanga nyumba Likoni. Mwaka ule wa 1963 watu walikuwa wakijiandaa kwa sherehe za Uhuru, naye alikabidhiwa kazi ya kuandaa mbio. Mbio zenyewe aliziita nusu marathoni: kutoka kivukoni Likoni hadi Ng'ombeni na kurudi, maili kumi na tatu, na kila mtaa utoe mkimbiaji mmoja. Vijana wa Shika Adabu wenye mbio walikwisha kuchukuliwa na timu za makazini kwao. Justus akamwona Boga akiteremka mnazi kama mtu anayeshuka ngazi ya nyumbani kwake, akayapenda mapaja yale.

"Bwana Boga, utatukimbilia?"

"Inshaallaaah," akasema Boga.

Maskini Justus hakuwa amefundishwa urefu wa inshallah. Alimshika mkono, akamshukuru sana, na jioni ile gari la kipaza sauti likapita mitaani likitangaza: Shika Adabu, Boga Mwatela! Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Boga aliazimia kwenda kujitoa. Alifika kweli nyumbani kwa Justus, tena zaidi ya mara moja, na kila mara alikaribishwa chai, akainywa, akaaga, akarudi na neno lake tumboni.

"Hutakimbia," Mwanarehema alimwambia. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja leo ni siku gani, huku akiendelea kukuna nazi. Boga aliona afadhali angegombezwa. Kama mke hana hata haja ya kugombana nawe, basi neno lako halina uzito tena ndani ya nyumba yako. Usiku ule aliapa moyoni kwamba atakimbia, na atafika.

Mazoezi yake lakini yalikuwa kichekesho. Huko Shika Adabu huwezi kumpita mtu mzima hivi hivi kama mbuzi. Asubuhi ya kwanza alitoka mbio, na kabla jasho halijamtoka akamkuta Bi Kafedha akifagia uwanja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wenda wapi mbio hivyo, kuna msiba?"

Ikabidi asimame aeleze kwamba hapana msiba. Akaulizwa hali ya mkewe, na ya binti yake Mastura aliyeolewa Mtongwe, na ya mkwewe. Alipoachiliwa akakutana na Mzee Tsuma, salamu zikaanza upya. Jua lilipanda naye hajaiona hata barabara kubwa. Siku ya pili kichomi kilimbana mbavuni akarudi nyumbani anachechemea. Siku zilizobaki alisema ataanza kesho, mpaka kesho yenyewe ikawa ndiyo siku ya mbio.

Alitoka kivukoni miguu mitupu, kwa fahari ya kijinga, mbele ya vijana wote. Kabla ya kufika Shika Adabu wote walikuwa wamempita. Barabarani watu walimwita, "Boga, za nyumbani?" naye, akihema, akajibu kila mmoja, "Njema, alhamdulillahi." Alipofika Ng'ombeni akageuka akiwa wa mwisho. Kurudi ndiko kulikomtoa roho. Jua lilikuwa utosini, lami ilimchoma nyayo, na misuli ya miguu, iliyozoea kupanda na si kwenda mbele, ikakaza ikawa mawe.

Lori la nazi likapunguza mwendo ubavuni mwake. Dereva alikuwa Bakari, kaka mkubwa wa Mwanarehema, mtu ambaye Boga alimheshimu kuliko wote.

"Shemeji, panda. Nitakushusha karibu na Likoni, nani atajua?"

Inshallah ndefu ilimjia Boga kooni. Alijua akiitamka tu, Bakari atajifanya hajui urefu wake, atasimama, atafungua mlango, na yeye kwa heshima atapanda.

"La, shemeji," akasema.

"Wasemaje?"

"Nasema la! Uniwie radhi, lakini sipandi."

Bakari alimtazama kama aliyeona mnazi ukitembea. Kisha akaangua kicheko, akatia gia, na kila alipopita akapaza sauti dirishani: "Boga kasema la! Wallahi, kasema la!" Mwanarehema aliyasikia akiwa mlangoni. Alichukua leso yake moja ya kujitanda, ya kumfutia mumewe jasho, akaenda kivukoni nusu mbio.

Boga alipotokea, zawadi zilikwisha kutolewa na viti vinakusanywa. Utepe ulikuwa umekatwa na mshindi zamani. Mwanarehema akaikunjua ile leso, akashika pembe moja, akampa Justus pembe nyingine, na Boga akaipita kwa kifua huku vigelegele vya mkewe vikivuma hadi ng'ambo. Fahari ilimjaa mpaka machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Na mwakani, Bwana Boga?" Justus akauliza.

"La," akasema Boga, na watu wakacheka pamoja naye.

Walirudi nyumbani polepole, mke amemshika mkono.

"Mama Mastura," alisema njiani, "hilo paa nitaliezeka miguu ikipoa. Inshallah."

Mwanarehema aliisikia ilivyo fupi. Walipofika aliingia ndani, akalitoa lile beseni chini ya tundu, akalijaza maji ya uvuguvugu na chumvi, akamkanda miguu. Alipomaliza aliyamwaga maji uani, akalisuuza beseni, akalitundika jikoni kwenye msumari. Tundu lilikuwa bado liko pale pale, juu ya kitanda.