Vifuniko Vitano vya Mzee Usumani

Mzee Usumani ni fundi wa magari hapa Nyamirambo, Kigali, jirani yangu ukuta kwa ukuta, na sijaona mtu mkaidi kama yeye. Mimi nachomelea mageti, vyuma navijua, lakini kwake mimi Nkusi ni mtoto tu aliyekulia Tanzania akarudi na maneno mengi.

Mwaka huu wateja walimkimbia. Walisema macho yamekwisha na mikono inatetemeka. Akabaki na Gahongayire, mama mkulima wa Gahanga, mwenye pikapu kuukuu ya dizeli ya kubebea nyanya. Kamshafti, ule mhimili wa chuma unaofungua valvu za injini, ilikuwa imelika. Gahongayire alimwambia wazi kwamba pikapu ikipona atawaambia wenzake wa sokoni wamrudie fundi wao. Ikishindikana, basi. Usumani alinisimulia hayo akicheka, ila sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa akafungua injini. Kamshafti hushikiliwa na vifuniko vitano vidogo vinavyofanana kama mayai, lakini kila kimoja kimechongwa pamoja na mahali pake, ukikihamisha kinabana. Kwa kawaida huwa na namba. Hivi vya pikapu, fundi fulani wa zamani alishazisugua namba kwa tupa, Mungu amsamehe, mimi simsamehe. Usumani hakuandika kitu, hajawahi kuandika. Alivipanga kwa mstari juu ya kipande cha boksi, cha mbele mbele, cha nyuma nyuma, kama alivyofanya miaka arobaini.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi. Tulikwenda wote kuzibua mitaro, tukaambiwa viongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, watapita kukagua usafi wa nyua. Yasmina, bintiye Usumani, ananyonyesha, kwa hiyo alibaki nyumbani. Lile boksi lenye oili likamtia aibu. Akavitia vifuniko kwenye beseni, akavisugua kwa sabuni mpaka vikang'aa.

"Baba, vyuma vyako nimeosha vyote," alimwambia tuliporudi. "Sasa iko safi, hata kiongozi alisifu."

Usumani alivigeuza kimoja kimoja, hakujua tena kipi cha mbele kipi cha nyuma. Kisha akamwambia asante.

Nilimsihi apeleke kichwa cha injini Gatsata, kwa wenye mashine, kikachongwe upya. Akakataa katakata. Wangeuliza imekuwaje Usumani akavichanganya, na kabla ya adhuhuri mafundi wote wa Kigali wangekuwa na habari. Siku tatu alivijaribu kwa vidole, anafunga, anazungusha, anafungua tena. Mwishowe kamshafti mpya ilizunguka, ila mahali pamoja ilisita kidogo. Alisema itazoea. Nilijua haitazoea, naye alijua, na mimi nikanyamaza kwa woga. Najuta mpaka leo.

Pikapu ilifika Gahanga salama. Siku ya pili, ikipanda mlima na shehena, kamshafti ilikwama, mkanda ukakatika, valvu zikagongana na pistoni. Injini ikafa kabisa.

Gahongayire alikuja asubuhi kwa pikipiki. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Muzehe, ilikuwaje?" aliuliza.

Yasmina alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Nikafumbua mdomo. Usumani akanikata jicho, nikaufumba.

"Vifuniko nilivichanganya mwenyewe," alisema. "Siku hizi sikumbuki vizuri."

Mama wa watu akatikisa kichwa, akaondoka. Hakuna gari lililoingia tena uani pale.

Yasmina alimshika baba yake mkono, akamwingiza ndani polepole kama mgonjwa. Tangu hapo Yasmina humwambia kila mgeni, kwa huruma ya kweli na mbele ya baba mwenyewe, kwamba mzee anasahau, asiachiwe kitu. Usumani huitikia kwa kichwa. Juzi binti alimwomba baba yake ufunguo wa nyumba asije akaupoteza, naye mzee akampa.