Moja mara tatu

Jamani, leo somo langu mwenyewe limemlaza mtu kitandani.

Mnajua nafundisha watu wazima kusoma na kuhesabu huku Masukulu, mchana, wakishatoka kuchuma chai.

Leo Bibi Tumpe hakuja. Huyu ni wa benchi la mbele, hakosi hata mvua yetu hii inyeshe vipi. Baada ya kipindi nikapita kwake.

Nikamkuta amelala, kizunguzungu, hata kukaa hawezi.

Akanionyesha bahasha ya dawa aliyopewa jana dirishani pa zahanati. Imeandikwa kwa kalamu: 1 x 3.

"Nimesoma mwenyewe, mwalimu. Moja mara tatu ni tatu. Nikameza fitatu."

Vidonge vya siku nzima, vyote vitatu kwa mpigo. Jana, na leo asubuhi tena.

Hesabu hiyo niliiandika mimi ubaoni juzi. Yeye ndiye aliyeipata, darasa zima likampigia makofi!

Nikampigia nesi ninayemfahamu. Akasema asimeze kingine leo, na nimlete zahanati sasa hivi. Nikaita bajaji, tukaenda. Anaendelea vizuri, msiogope.

Njiani nikamuuliza, "Bibi, mbona hukuuliza pale dirishani?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye nisiyeelewa.

"Zamani nilikuwa nauliza, mwalimu. Sasa si najua kusoma?"

Nimefika nyumbani, hata viatu sijavua. Nimechoka, jamani.

Kesho nataka kuwafundisha kuuliza. Walimu wenzangu, hilo mnaliandikaje ubaoni?