Mama Mirdza na Kitufe cha Malalamiko

Mama Mirdza Strautniece alikamua ng'ombe wa shamba la ushirika miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo aliimba. Sauti yake ilikuwa ile nzito ya wanawake, inayobeba wimbo bila kusifiwa na mtu. Kila baada ya miaka mitano, sherehe ya nyimbo ilipofika, alivaa sketi yake ya mistari, akapanda basi la kwaya yetu ya kata kwenda Riga, mji mkuu wetu wa Latvia, akalala wiki nzima kwenye sakafu ya darasa, akarudi amechomwa na jua, sauti imemkauka, hawezi hata kuomba chumvi. Alikwenda mara kumi na moja. Mimi jirani yake, Ilgvars, fundi wa mashine za kukamulia, sikuimba hata kwenye harusi yangu, na aliyekuwa mke wangu atakwambia hilo lilikuwa dogo katika makosa yangu.

Mwaka juzi walimpasua koo. Uvimbe ukatoka na sauti ikaondoka nayo, akabaki na mnong'ono. Nikadhani sherehe ya safari hii ataitazama kwenye televisheni kama sisi wengine. Wapi! Mwezi wa Mei alinifuata karakana, akanikalisha juu ya tairi, akasema anataka tiketi ya tamasha la kufunga.

"Nimeimba mara kumi na moja, mwanangu, na sijawahi kuisikia," alisema. "Ukiwa ndani ya kwaya unamsikia wa kulia na wa kushoto, basi. Watu elfu kumi na tano wanaimba, mimi namsikia Biruta anavuta kamasi. Nataka nikae kwenye benchi mara moja niisikie yote. Ijayo nitakuwa na themanini na nne."

Tiketi zilikuwa zimekwisha tangu Machi. Nikaingia kwenye soko la mtandaoni la watu wanaouziana tiketi, na baada ya wiki tatu za kutumbua macho nikapata moja, ya karatasi, kwa euro sitini. Muuzaji alikuwa Zintis wa mji wa Ventspils. Pesa alitoa Mama Mirdza, kwenye mkoba wake wa pensheni, noti moja moja. Mimi sipendi kuibiwa, kwa hiyo nilichagua malipo yenye ulinzi wa mnunuzi: pesa inakaa kwa wenye soko, haimfikii muuzaji mpaka siku waliyoitaja, na kabla ya siku hiyo unaweza kubonyeza kitufe cha malalamiko ikazuiwa. Siku yetu ilikuwa Ijumaa ya kabla ya tamasha, saa sita mchana. Zintis naye akaituma tiketi kwa barua ya bima, ya kutiwa sahihi. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Sasa nisikilize nilivyoharibu. Tarehe ishirini na mbili Juni, mkesha wa mkesha wa Jāņi, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, nilimkatia Mama Mirdza matawi ya mti wa mbetula kama kila mwaka nikampambia lango. Nami nikiamua kupamba, napamba. Lango likawa msitu. Ubao wa jina la nyumba, Vītoli, ukazama humo, sanduku la barua likazama, hata paka alizunguka akitafuta njia. Dzidra, mbeba barua wetu ambaye angelijua lango lile hata akiwa amefumba macho, alikuwa likizoni anatengeneza jibini. Posta wakaleta mtu wa muda kutoka mjini. Alipita pale mara mbili, hakuona jina, hakuona sanduku, akaandika kwamba nyumba haikupatikana. Barua ikageuzwa.

Tuliyajua hayo baada ya sikukuu, nilipofuatilia namba ya barua kwenye simu. Nilikwenda posta nimevimba. Yule dada wa dirishani alinieleza taratibu, kama anayemweleza mlevi, kwamba bima ni ya barua iliyopotea au iliyoharibika. Hii haikupotea, inarudi kwa mwenyewe. Na hata ingepotea, anayelipwa ni mtumaji. Nikamwambia bibi yangu hataki fidia, anataka kusikia nyimbo. Akasema kwa hilo hana fomu. Jino la pembe si dawa ya pengo, nilijua, lakini nilitamani angalau nipewe hilo jino.

Niliporudi nilimweleza Mama Mirdza kila kitu, pamoja na matawi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi ndipo Zintis alipopokea simu. Niliweka sauti ya juu, tukiwa mezani kwa Mama Mirdza. Alisema yuko Riga tangu Jumapili, analala shuleni na kwaya yake. Barua imefika nyumbani kwake leo. Mke wake atakuja nayo kwa basi siku ya tamasha, na yeye atatupa mkononi saa kumi na moja, kwenye kituo cha mwisho cha tramu.

Nikacheka kwa hasira. Mke, basi, mkononi! Mtu akitaka kukutapeli angesema nini kingine? Ndipo Mama Mirdza akaivuta simu karibu na mdomo, akamuuliza anaimba sauti ipi. Zintis akasema tenori ya pili. Akamuuliza mazoezi yanakwendaje. Zintis akasema jua linawaua na yule kiongozi wa wimbo wa mwisho amewarudisha mwanzo mara nne. Mama Mirdza akamshukuru, akakata simu.

"Huyu nimemwamini," akaninong'oneza. "Hukusikia koo lake? Hiyo ni siku ya tano ya mazoezi. Hakuna tapeli wa kujikausha koo namna ile. Hicho kitufe usikiguse."

Nikasema sawa, mama. Nilisema kwa mdomo.

Ijumaa nilikuwa kwake namtengenezea bomba. Saa tano na nusu nikaanza kutazama saa. Ikishapita saa sita, pesa ni ya Zintis, na kama ni mwongo, bibi wa watu amekosa tamasha na pensheni pia, na chanzo ni mimi na matawi yangu. Tahadhari kabla ya hatari, nikajiambia. Zintis akija, nitafuta malalamiko, nani atajua? Nikamwambia Mama Mirdza naenda kuchukua spana kwenye gari. Nikasimama nyuma ya gari, nikabonyeza. Nikarudi na spana, nikakaza bomba.

Jumapili tulipanda basi la asubuhi. Alikuwa amevaa ile sketi ya mistari, na kichwani taji la maua ya ngano alilosuka mwenyewe. Abiria walimpisha dirishani. Njiani nikatoa simu ili nifute yale malalamiko mapema, na hapo ndipo nikasoma, kwa mara ya kwanza, sentensi ya pili ya ujumbe walionitumia wenye soko. Ya kwanza ilisema pesa imezuiwa. Ya pili ilisema namba ya tiketi nayo imezuiwa, isitumike mpaka shauri liishe.

Nikabonyeza kufuta. Wakanijibu papo hapo kwamba ombi langu litashughulikiwa siku ya kazi, yaani Jumatatu. Nikaandika tena, nikaomba, nikaeleza habari za koo na ng'ombe na mara kumi na moja. Jibu likaja lile lile. Pembeni yangu Mama Mirdza alikuwa anaandika juu ya ukungu wa kioo, kwa kidole, orodha ya nyimbo anazozisubiri. Ningemwambia pale pale. Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba mashine ya langoni huenda haijapata habari.

Saa kumi na moja kituoni hapakuwa na mtu. Saa kumi na moja na robo pia. Namuomba Mungu anisamehe, niliomba Zintis awe tapeli. Angekuwa tapeli ningekuwa nimeokoa kitu. Kisha tukaona mtu mnene anakuja mbio, koti la sufu la kwaya limemlowa mgongoni, bahasha mkononi yenye mihuri miwili ya posta. Aliinama akambusu Mama Mirdza mkono, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema asipokimbia watamfungia nje. Sauti ilikuwa imemwisha kabisa, wakanong'onezana wote wawili kama watoto kanisani. Pesa hakuigusia.

Foleni ilikwenda polepole. Mama Mirdza aliishika tiketi kwa mikono miwili. Msichana wa langoni akaipokea, akaipitisha kwenye mashine, taa ikawaka nyekundu. Akapitisha tena.

"Samahani, mama. Hii imezuiwa. Mnunuzi alileta malalamiko juzi Ijumaa, saa sita kasoro dakika nane."

Mama Mirdza hakumtazama msichana. Alinitazama mimi, na nikaona anaikumbuka ile Ijumaa, bomba, spana, muda niliokaa nje. Nilianza kupiga kelele pale. Nilimwambia msichana kosa ni langu, anifunge mimi, ampitishe mama. Nikamwita mkubwa wake, nikamtolea pochi, akairudisha mkononi mwangu bila kuifungua. Walikuwa watu wema. Walimpa kiti cha plastiki akae kando ya uzio, chini ya misonobari, na wakasema zaidi ya hapo hawawezi.

Nikakaa chini kando ya kiti chake. Upepo wa ziwani ulikuwa unavuma kutoka kwetu kwenda jukwaani, na sauti zikaanza kule ndani, vipande vipande, neno linafika, jingine halifiki. Mama Mirdza aliinamisha kichwa akisikiliza kwa nguvu zake zote. Nikamwambia nilitaka kumlinda asiibiwe, kwamba yule Zintis sikumwamini.

"Zintis humjui, Ilgvars," akasema. "Usiyemwamini ni mimi."

Kisha akaniwekea kiganja mdomoni ninyamaze, maana walikuwa wanaanza wimbo mwingine.