Klaudia wa Ijumbi, mpishi anayewaweka barabarani madalali wa watu

Jua la mchana limewaka juu ya migomba ya Ijumbi, upande wa Muleba. Kando ya barabara, chini ya kibanda cha nyasi, Klaudia Kokuhirwa anaepua chungu cha ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, anakitua juu ya ngata ya majani makavu, kisha anajifuta moshi machoni.

Kundi la watu linakuja kutoka upande wa Biharamulo. Wanaume wamejitwika mafurushi, wanawake wawili wamebeba watoto mgongoni, na miguu yao wote imegeuka rangi ya vumbi. Mbele yao anatembea mtu mwenye viatu na mwavuli.

"Mama, pakua chakula cha watu wote hawa, upesi," anasema mwenye mwavuli.

Klaudia hainui kichwa. "Chakula kipo. Wao wataingia ndani. Wewe utakaa hapo."

"Mimi ndiye mwenye watu!"

"Mwenye watu ni Mungu. Wewe kaa hapo."

Kina mama wa jirani wameshatoka mashambani mwao. "Nyegera waitu," wanawakaribisha wageni kwa Kihaya, na kila mmoja anachukua watu wake: nyumba hii wawili, nyumba ile watatu. Kufumba na kufumbua, barabara imebaki na mtu mmoja na mwavuli wake.

Ndani ya nyumba, kabla sahani haijaisha, kila msafiri anaulizwa maswali yaleyale. Umetoka wapi? Umeambiwa unakwenda kwa nani? Mkataba wako umesomewa kwa lugha gani? Wengi hawajui jina la shamba wanalopelekwa. Wanajua tu kwamba ni Buganda, kwamba kuna pamba, na kwamba wameahidiwa nguo na nyama kila Jumapili.

"Simkatazi mtu kutafuta kazi," anasema Klaudia, sauti yake ikipanda kabla hajaulizwa lolote. "Kwao kuna njaa, kuna kodi, kuna kiboko. Atembee, afanye kazi, arudi na chake. Ninachokataza ni mtu kuuzwa. Na hawa wanauzwa! Mchana, barabarani, na sisi tunatazama!"

Klaudia ana umri wa miaka arobaini na ushee. Ni mzaliwa wa hapahapa Ijumbi, Mkatoliki, mke wa Datius Byarugaba, mkulima wa kahawa asiye na maneno mengi. Kirundi alijifunza utotoni kwa vibarua waliokuwa wakichuma buni kwenye kibanja cha baba yake. Alianza kupika kando ya njia kwa sababu wapita njia walikuwa wengi na ndizi hazikukosekana. Hakuwa na ugomvi na mtu.

Ugomvi ulimfuata nyumbani mwaka 1951, msimu wa mvua.

Asubuhi moja Datius alikwenda kukata majani ya kutandaza shambani, akamkuta kijana amelala katikati ya migomba, anatetemeka kwa homa. Jina lake Sindayigaya, kutoka Urundi. Alikuwa ameoa karibuni, na alikuwa akienda Buganda pamoja na mkewe, Kankindi, chini ya dalali mmoja aitwaye Rugaibula.

"Alisema aliposhindwa kutembea, Rugaibula aliamuru asukumwe pembeni ya njia," anakumbuka Datius. "Mkewe akalia, akataka kubaki naye. Rugaibula akamwambia, 'Mumeo atakuja na lori nyuma yetu.' Lori gani? Hapakuwa na lori."

Klaudia alimnywesha uji, akamfunika blanketi lake mwenyewe. Sindayigaya aliuliza jambo moja tu, mara kwa mara: Je, Kankindi amefika? Siku ya pili akafa.

Ndugu zake Datius walikuja juu. Mgeni hazikwi kwenye kibanja cha ukoo, walisema, apelekwe porini. Datius hakubishana nao. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba kaburi peke yake. Walipochoka kupiga kelele, kaburi lilikuwa tayari.

"Hapo ndipo hasira iliponiingia, na haijatoka," anasema Klaudia. "Nilimtazama yule mtoto wa watu nikajiuliza, mama yake anajua yuko wapi? Na mkewe anangoja lori!"

Alitembea hadi Bukoba mjini. Katika ofisi ya serikali aliambiwa kwamba Kankindi, kama yuko Uganda, ni shauri la Uganda. Aliyekuwa dawatini alimwambia pia kwamba wenzao wa Uganda wangesema mwanamke huyo alichukuliwa Tanganyika, na kwamba kwao Urundi Wabelgiji wangesema aliondoka kwa hiari yake.

"Nikamwuliza, basi waitu, mwizi akitaka kuwa salama afanye nini? Avuke mpaka tu? Akanionyesha mlango."

Ni Jovitha aliyemwokota. Jovitha, Mlutheri wa Kitendaguro, naye hupikia wasafiri pale mjini, na siku hiyo alimkuta Klaudia ameketi kando ya njia analia kwa hasira. Alimpa buni za kutafuna, kama apewavyo mgeni, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nilimwambia, dada, serikali zina mipaka, sufuria hazina," anasema Jovitha, akicheka kidogo. "Kila dalali lazima alishe watu wake. Atapita kwako, atapita kwangu, atapita kwa wenzetu hadi Kyaka. Tukisemezana sisi, tutajua kila anayepita na anakokwenda."

Jovitha alikuwa na mdogo wake, Ephrasia, aliyeolewa na Mkatoliki upande wa Masaka. Alimjua pia Ildefons Mujuni, anayevusha watu kwenye mto Kagera pale Kyaka. Habari ya Kankindi ikapita mdomo kwa mdomo: kutoka Ijumbi hadi Kitendaguro, kutoka Kitendaguro hadi kivukoni, kutoka kivukoni hadi ng'ambo.

Jibu lilichukua zaidi ya mwaka. Ephrasia alisikia habari za mwanamke wa Kirundi ambaye kila siku ya gulio aliwashika watu mikono akiwauliza: "Mnapajua mahali paitwapo Ijumbi? Mume wangu yuko huko."

Kankindi leo anapika kwenye kibanda hiki, bega kwa bega na Klaudia. Ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini. Husimulia huku mikono ikimenya ndizi, wala hamtazami anayemsikiliza.

"Tulipofika shambani, Rugaibula alipokea shilingi thelathini kwa kila mtu, tukiona kwa macho yetu," anasema. "Mwenye shamba akatuambia fedha hiyo ni deni letu. Chakula tulichokula njiani, deni. Jembe, deni. Nikasema nina mume, anakuja. Wakacheka. Wakanipa kwa mnyapara."

Anachukua ndizi nyingine.

"Walinigawa kama jembe."

Mtoto wa kike anayecheza karibu na chungu ni mtoto wake, aliyezaliwa kule.

Ephrasia hakwenda kuomba ruhusa kwa mwenye shamba. Jumapili moja baada ya misa, kina mama wa kigango chake walitoka kanisani kwa pamoja, wakamweka Kankindi katikati yao na mtoto wake mgongoni, wakatembea naye wakiimba mpaka barabara kuu. Wanyapara wawili waliwafuata kwa mbali. Hawakuthubutu kuuvamia umati wa wanawake waliotoka kanisani.

Wanyapara hao walimfuata hadi mtoni. Ildefons alimpandisha Kankindi, akaondoa chombo ukingoni.

"Wakapiga kelele niwangoje," anasema Ildefons. "Nikawaambia chombo kimejaa. Alikuwamo yeye, mtoto wake, na mzee mmoja na mbuzi wake."

Kankindi alifika Ijumbi akiwa anatabasamu. Hakuna aliyekuwa amepata moyo wa kumtumia habari ya msiba. Klaudia alimshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha kaburi. Kankindi alikaa pale mpaka jua likazama, na Klaudia alikaa naye.

"Ningemwambia nini?" anasema Klaudia. "Kwamba ni mapenzi ya Mungu? Si mapenzi ya Mungu. Ni mapenzi ya Rugaibula."

Walimshitaki Rugaibula. Na hapa ndipo mtu mwenye damu mwilini anapopaswa kukasirika pamoja na Klaudia.

Katika baraza moja mjini, Kankindi aliulizwa: "Uliwahi kufungwa kamba?"

"Hapana."

"Ulibebwa?"

"Hapana. Nilitembea."

"Basi ulikwenda kwa miguu yako."

Rugaibula alipatikana na kosa moja tu, la kusafirisha vibarua bila kibali. Alitozwa faini, akaitoa mfukoni palepale. Kuhusu Sindayigaya, aliyesukumwa kando ya njia afe kama mbwa, hakuulizwa neno.

Klaudia alisimama, akapaza sauti: "Mbuzi akiibwa Bukoba, mwizi anafungwa! Mtu akiibwa, mwizi analipia kibali! Basi tuandikieni sisi binadamu kuwa ni mbuzi, labda tutapata haki!"

Askari walimtoa nje wakimvuta mkono. Jioni ileile Rugaibula alionekana Hamugembe, palepale mjini, akiwanunulia marafiki pombe.

Kisha zikaja siku mbaya zaidi. Asubuhi moja Datius alikuta mibuni yake, mstari mzima wa juu ambao baba yake aliupanda, imekatwa kwa panga. Kwa Mhaya, kumkatia mtu mibuni si mbali na kumkata mwenyewe. Majirani walinong'ona kwamba Klaudia ameyataka mwenyewe, kwa kujiingiza katika mambo ya "watu wa kuja."

Neno hilo linamchoma kuliko panga. "Watu wa kuja! Nani anapalilia mashamba yetu? Nani anabeba magunia yetu ya kahawa? Watoto wetu wamevaa viatu vya shule kwa jasho lao. Halafu akifa mmoja tunasema apelekwe porini."

Datius alitaka waache. Anakiri hivyo bila haya. "Niliogopa. Nilimwambia, mke wangu, tumefanya yetu, inatosha. Akanijibu kwa heshima ya Kihaya, 'Ta Datius, mibuni itachipua.' Basi nikaenda kuiponyesha."

Ndipo Klaudia akatoa shauri kwa wapishi wote wa njia hiyo: dalali asiuziwe chakula. Hata ndizi moja. Asiyelisha watu hawezi kuwatembeza.

Rugaibula alipokuja na kundi lingine, alinyimwa Ijumbi, akanyimwa kituo kilichofuata, na kilichofuata tena. Alipofika Kitendaguro, wasafiri walikuwa wakiyumba, na mtoto mmoja alikuwa ameanguka njiani kwa njaa. Jovitha aliwapakulia wote bila kuuliza, na kesho yake akaja Ijumbi amefura.

"Nilimwambia mbele ya watu," anasema Jovitha. "Klaudia, unapigana na nani? Na Rugaibula, au na tumbo la mtoto? Dalali alikuwa na shilingi za kununua mkate dukani, akala. Waliolala njaa ni wao."

Klaudia anakubali kwamba maneno hayo yalimuuma, na kwamba yalikuwa ya haki. Waligombana asubuhi nzima, kisha wakapika pamoja. Chakula kilipoiva, walikuwa wameshapata njia iliyo bora: msafiri alishwe, tena vizuri, lakini nyumbani kwa mtu, kama mgeni, na dalali abaki nje. Asiye na fedha ale bure. Kila nyumba itoe kidogo.

Hiyo ndiyo kanuni inayofuatwa leo, kuanzia vibanda vya karibu na Biharamulo hadi njia panda ya Masaka. Habari za mashamba hutoka kwa Ephrasia, huvuka kwa Ildefons, hupumzika kwa Jovitha na kufika hapa. Shamba lenye mwajiri mwema hutajwa. Shamba la deni lisilokwisha hutajwa pia, na mwenyewe kwa jina lake.

Siku hii, wasafiri wanapomaliza kula, wengine wanaendelea na safari, lakini kwa miguu yao na kuelekea shamba walilolichagua wenyewe. Mwanamke mmoja na mumewe wanageuza njia kurudi kwao. Mwenye mwavuli anatukana, anatishia kwenda kwa askari.

"Nenda," Klaudia anamwambia. "Uwaambie umenyang'anywa watu. Nataka nisikie watakavyokuuliza uliwapataje."

Ushindi huo si mkubwa, naye halifichi jambo hilo. Rugaibula bado yu hai na ananenepa. Sasa anatumia lori, nalo halisimami Ijumbi. Ildefons anasema wengine huvushwa kwa mitumbwi, mbali na kivuko. Mkubwa mmoja alimshauri Klaudia awe na subira, kwani jambo hilo linashughulikiwa na nchi zote tatu.

"Subira!" Klaudia anapiga mwiko ukingoni mwa chungu. "Sindayigaya alikuwa na subira. Alingoja lori."

Lakini hasira yake imepata pa kwenda. Mavuno ya kahawa yakiisha, yeye na Kankindi watafunga safari ya kwenda Urundi kwa miguu, wakiifuata njia hii kinyume, kituo kwa kituo, hadi vilima alikozaliwa Kankindi. Watamtafuta mama wa Sindayigaya wamwambie alipolala mwanawe. Kisha watasimama magulioni na nje ya makanisa, na Kankindi atasema kwa Kirundi chake yaliyompata.

Datius ameahidi kubaki na chungu. Anasema amejifunza kupika, ingawa Jovitha ana mashaka.

Kankindi haogopi? Anaacha kumenya na kwa mara ya kwanza anainua macho. "Naogopa. Lakini wasichana wa kwetu hawajawahi kumwona aliyerudi. Wanamwona anayekuja kuwachukua tu."

Klaudia anaitikia kwa kichwa.

"Rugaibula hufika kule kwanza, na neno lake ndilo la kwanza kusikika," anasema. "Safari hii nataka atukute tumeshafika."