Siku Nilipomfanya Mpwa Wangu Muuguzi

Mimi si mtu wa kutoka. Wenzangu wakipata siku mbili za mapumziko hupakia watoto kwenye gari wakaenda kuona maporomoko ya maji. Mimi nikizipata hufunga pazia, nikavaa soksi nzito na kukaa kwenye kochi langu hapo Louisville, Kentucky, chai pembeni. Mke wangu husema Mungu alinipa nguvu za kukimbia mara moja tu, nikazimaliza zote kwenye vita. Kwa hiyo mtu asidhani nilikwenda Columbus kwa kupenda. Nilipelekwa na posa.

Ilikuwa 2015. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu kambi ya wakimbizi Kigoma, alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa amempata binti. Walikutana kwenye mkutano wa kwaya. Binti aliishi na wazazi wake Reynoldsburg, upande wa mashariki wa Columbus. Wao ni Wakongo wa Uvira, sisi ni Warundi, na lugha iliyotuunganisha ilikuwa Kiswahili, kila upande ukiamini kuwa upande wa pili unakiharibu.

Msemaji wetu alipaswa kuwa kaka yangu mkubwa, anayeishi Lackawanna, kusini kidogo ya Buffalo. Kaka ana sauti. Ana suti ya kijivu. Ana namna yake ya kukohoa kabla ya kuanza kusema, na akikohoa hivyo watu huzima simu. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa safu ya pili, kula wali, na kurudi nyumbani.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya posa, akapiga simu.

"Mdogo wangu, siji."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Wamenikatalia ruhusa."

Kaka alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaosha, anawageuza kitandani, anawalisha kijiko kwa kijiko wale wasioweza kumeza haraka. Sisi wa karibu tulijua hivyo. Wengine wote, toka Buffalo hadi Bujumbura, walijua yeye ni msimamizi wa huduma. Wiki ile wenzake wawili waliacha kazi, na bosi alikuwa amemwambia kwamba akienda Columbus asijisumbue kurudi.

"Wewe ndiye utakayesema," akaniambia.

"Mimi? Mimi hata kuagiza pizza kwa simu namwachia mke wangu."

"Sikiliza. Wakiuliza kazi ya kijana, sema ni muuguzi."

"Lakini si muuguzi."

"Najua si muuguzi! Nimesema useme ni muuguzi. Baba wa binti ametangaza mbele ya watu kwamba hatoi mtoto wake kwa mtu wa kufagia. Ukisema kweli, mtarudi Louisville na soda zenu."

Mpwa wangu alikuwa akisafisha vyumba vya upasuaji. Binti alijua. Baba yake alikuwa ameambiwa tu kwamba kijana anafanya kazi hospitali, na alikuwa hajauliza zaidi. Ndoa yenyewe, basi, ilikuwa imeninginia kwenye ulimi wangu, na ulimi wangu haujawahi kubeba kitu kizito.

Niseme na langu kabisa. Mimi nafua mashuka ya hospitali ile ile. Sare yetu ya bluu inafanana na ya wauguzi, na Jumapili moja nilipopitia kanisani kutoka kazini, bibi mmoja akanivuta pembeni akanionyesha goti lake lililovimba. Je, nilimwambia kwamba mimi ni mfua mashuka? Niliinama, nikalitazama lile goti kwa elimu yangu yote ya kidato cha nne cha kambini, nikasema, "Likande kwa maji ya moto." Aliniita daktari mwaka mzima, na sikumsahihisha hata mara moja. Ndiyo maana maneno ya kaka hayakunishtua kama yalivyopaswa kunishtua.

Jumamosi asubuhi tukaondoka, magari matatu. Mpwa wangu ndiye aliyeendesha gari letu.

"Mjomba, utasema nini?"

"Nitasema alichosema mjomba wako mkubwa."

Tukavuka mto pale Cincinnati. "Mwenyewe anajua ninachofanya," akasema, akimaanisha binti.

"Mwenyewe haulizwi leo."

"Na mimi?"

"Wewe leo ni kama mbuzi wa sherehe. Unapambwa, unakaa kimya."

Akacheka kidogo. Hakurudia swali, na mimi nikajifanya nimesinzia.

Walitupokea kwenye ukumbi wa kanisa. Meza zimefunikwa vitambaa vyeupe, soda zimepangwa, jikoni kunanukia samaki. Msemaji wao alikuwa bwana mfupi mwenye tai nyekundu na karatasi ya maswali aliyoikunja mara nne. Akasimama, akatutazama kama watu walioingia kuomba chumvi.

"Bon! Sisi tuko tunakula chakula yetu hapa, tunaona watu wanaingia tu. Muko banani, watu wa wapi? Mumepotea njia?"

"Hatujapotea, mzee," nikasema. "Tumefuata harufu ya pilipili yenu tangu Kentucky."

"Kentucky? Kule kwa farasi? Sasa mbona mumekuja na magari?"

"Farasi wamechoka, wametutuma sisi."

Watu wakacheka. Nikashangaa: walikuwa wanacheka kwa sababu yangu, wala si kwa kunicheka. Tukaendelea hivyo, yeye akirusha, mimi nikidaka, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani sikulikumbuka kochi. Ndipo akaifungua karatasi yake.

"Kijana yenu anatumikaka kazi wapi?"

"Hospitali."

"Hospitali iko na wagonjwa pia. Yeye iko nani mule?"

Wakacheka tena, wakinisubiri. Ningeweza kusema kweli pale pale, huku watu wamefurahi, na pengine ingepita.

"Ni muuguzi," nikasema.

Vigelegele vikapanda hadi darini. Baba wa binti, mtu mrefu mwenye kofia, ambaye muda wote alikuwa akitazama feni, akashusha macho na kunitabasamia. Nakiri nililipenda lile tabasamu. Nilikaa chini kama mtu aliyetoka kufanya upasuaji mwenyewe.

Makofi hayajaisha, shangazi wa binti akainuka na mfuko wa plastiki mkononi.

"Aksanti Mungu! Sasa tuko na mutu yetu mu famille. Mwanangu, kuja huku."

Akamwaga chupa tatu za dawa mezani, katikati ya soda. "Hii ni ya presha. Hii mbili walinipatia juzi. Nikikunywa zote, nasikia kizunguzungu, karibu nianguke. Niache gani?"

Ukumbi mzima ukageuka kumsikiliza mtaalamu. Mpwa wangu akasimama, akaichukua chupa moja, akaigeuza.

"Mama, mimi sijui."

"Muone heshima yake! Usiogope, mwanangu. Ile utasema, njo ile nitafanya."

Goti la yule bibi wa kanisani lilikuwa goti tu, na maji ya moto hayamuui mtu. Haya yalikuwa mambo mengine. Mpwa wangu angegusa chupa yoyote kwa kidole, mama yule angeiacha kesho asubuhi na kumshukuru Mungu. Kijana akageuka kunitazama. Hakukasirika wala hakuomba. Alikuwa akinisubiri tu.

Nikasimama.

"Mama, usiache hata moja. Huyu si muuguzi. Nimesema uongo mimi. Yeye hakutia neno."

Hata jikoni sufuria ziliacha kugongana. Shangazi akazikusanya chupa zake kifuani kama mtu aliyeona mwizi. Baba wa binti ndiye aliyesema.

"Donc, iko nani?"

"Anasafisha vyumba vya upasuaji. Anadeki, anapangusa, anabeba takataka zenye damu."

"Mimi nilisema," akajibu polepole, "sitoi mutoto wangu kwa mutu ya kufagia."

Ajabu ni kwamba woga ulinitoka hapo hapo. Nilikuwa nimeshaaibika mbele ya watu sitini. Hakukubaki cha kulinda.

"Mzee, umesema na tumesikia. Lakini niruhusu nimalize, maana nimetoka mbali na sipendi kusafiri. Mtu akishapasuliwa, chumba kinabaki katika hali ambayo nisingependa kuieleza mbele ya chakula. Anaingia huyu. Anaanza juu kwenye taa, anashuka kwenye kitanda, anapangusa hadi magurudumu ya kitanda, sakafu ndiyo ya mwisho. Dawa lazima ikae imelowa dakika zake. Ukiikausha mapema umepaka maji tu. Mwezi uliopita daktari alikuja mlangoni akasema fungua, mgonjwa anangoja. Huyu mtu wa kufagia akamwambia, bado dakika tatu. Daktari, na shahada zake zote, akasimama koridoni. Mimi ningemfungulia. Mimi ningemletea na kiti."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Na shuka analolalia mgonjwa huyo nimelifua mimi."

"Weye?" msemaji wao akauliza.

"Mimi. Mmekuwa mkijibizana na dobi tangu tuingie. Na kaka yangu mwenye sauti hayupo hapa kwa sababu Buffalo kuna wazee wanaotakiwa kulishwa mchana huu, na hakuna mwingine wa kuwalisha. Kazi hiyo watu wanasema ni ya mtu yeyote. Basi wiki hii wamemtafuta huyo mtu yeyote mji mzima, hawakumpata."

"Wanaajiri?" sauti ikatoka nyuma.

Ukumbi ukaangua kicheko, lakini baba wa binti hakucheka. "Kudeki ni kudeki," akasema.

Hapo mkewe akatokea mlangoni mwa jikoni, upawa mkononi.

"Na weye je? Kaka yako wa ku Uvira ulimwambia kama uko directeur huku. Directeur ya makarto! Unafungaka maboksi kutwa nzima, na kila magaribi nani anakukanda mugongo? Si mimi?"

Wanawake waliokuwa karibu naye walipiga yowe la kicheko, mmoja akaegemea ukuta. Mzee akainuka, akaiweka kofia yake sawa, akatoka nje.

Nilijua kwamba mambo yameharibika, na kwamba mwenye kuyaharibu alikuwa msemaji mmoja kutoka Louisville. Mama wa binti akarudi jikoni bila kunitazama. Nyuma ya ukuta mwembamba, kwenye chumba ambamo binti alikuwa amefichwa kwa desturi asubiri kuitwa, hakukusikika hata kiti kusogea.

Mpwa wangu hakunilaumu. Alikwenda kuketi karibu na shangazi, akamwomba zile chupa kwa mikono miwili, kwa heshima, mpaka akalegea. Akatafuta namba ya duka la dawa kwenye karatasi iliyobandikwa chupani, akapiga, akaweka sauti wazi ili shangazi asikie. Mfamasia aliuliza maswali. Kijana akayatafsiri yote, na majibu yote, bila kuongeza la kwake. Mfamasia akasema asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake, ainuke polepole anapotoka kitini, na yeye mwenyewe atampigia daktari wake leo leo. Mpwa wangu akaomba kalamu, akaanza kumwandikia shangazi hayo kwa herufi kubwa.

Alikuwa bado anaandika mzee aliporudi, kofia mkononi. Alisimama nyuma yake akasoma hadi mwisho. Kisha akafanya jambo lisilofanywa siku ya posa: akamsemesha kijana mwenyewe.

"Ile daktari, alikasirika?"

"Alikuwa na haraka, baba. Hakukasirika."

"Na kama ungemufungulia?"

"Ningekuwa nimemdanganya kwamba chumba ni safi."

Mimi nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vinapendeza.

Mzee akavuta kiti, akaketi, akaiweka kofia juu ya meza. "Huyu mujomba alipe faini," akamwambia msemaji wao. "Kreti mbili ya soda. Alidanganya watu."

"Moja, mzee," nikasema. "Uongo ulikuwa mmoja."

"Mbili. Ingine ni ya kumuonea kijana haya."

Hilo sikulibishia. Mkewe alikuwa amerudi mlangoni, safari hii bila upawa, akimtazama. Mzee akaangalia upande wake kidogo tu, akajishika kiuno kwa mkono mmoja kama mtu aliyekumbuka kwamba kinauma, na sura yake ikalegea.

"Swali ya kazi imeisha," akasema. "Uliza ingine."

Msemaji akaikunjua karatasi yake, akapitisha kidole juu ya mistari miwili, akairuka.

"Bon. Sisi tuko na mabinti mingi mu hii nyumba. Munatafuta gani?"

Nilikuwa na jibu zuri la swali hilo, nililolitunga usiku mzima wa Ijumaa, lenye mfano wa ua na nyuki. Sikupata nafasi ya kulisema. Mpwa wangu alikuwa ameshasimama ajibu mwenyewe.